Makumbusho ya Ulezi na Shamba Lake: Hotuba kwa Walimu, Wazazi na Wakulima, Mbeya

(Hotuba hii ilitolewa jijini Mbeya mbele ya mkutano wa walimu, wazazi na wakulima. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani mliofika, walimu wakuu na walimu wa kilimo, kina mama na kina baba, wazee wetu, shikamooni. Kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, na mwagonile kwa wenzetu wa Rungwe na Kyela.

Nimeombwa nizungumzie ziara yangu katika chumba kidogo cha makumbusho ya ulezi kilichoko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mbozi. Wengi wenu mmefika Mbozi, na nadhani wengi mlikwenda kwa ajili ya kimondo cha Ndolezi. Nami nimekwenda kukitazama, na sijuti hata kidogo. Kipande kile cha chuma kilichoanguka kutoka angani, chenye uzito wa zaidi ya tani 10, kina haki ya kutazamwa. Lakini wilaya hiyohiyo ina chumba kingine, kisicho na bango barabarani wala kitabu cha wageni kilichojaa, kinachotunza habari za nafaka ambayo punje zake 1,000 zina uzito wa gramu mbili hadi tatu tu. Kimondo hakijamlisha mtu yeyote. Je, ni nani kati yetu, aliyezaliwa katika nyanda hizi, ambaye uji wake wa kwanza haukutokana na punje zile?

Chumba chenyewe ni darasa la zamani lililopakwa chokaa upya. Ukiingia unakutana na jiwe la kusagia lililolika katikati kwa kazi ya miaka mingi, na juu yake limewekwa jiwe dogo la mkononi. Pembeni kuna kinu na mchi, nyungo za ukubwa mbalimbali, kihenge kidogo kilichosukwa kwa fito na kukandikwa udongo, mtungi, vibuyu, na mirija ya kunywea kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Dirishani kumepangwa mitungi ya kioo yenye mbegu. Nitarudi kwenye mitungi hiyo, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo.

Kwanza, kisu. Katika meza ya katikati kuna kisu kidogo kinachoenea kiganjani, bapa lake ni fupi kuliko kidole cha shahada. Siku niliyokwenda palikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi, na mmoja wao, binti wa darasa la sita, akauliza kwa nini watu waliokuwa na mashamba walivuna kwa kisu kidogo namna ile ilhali mundu ulikuwepo. Mwongozaji, ambaye ni mwalimu mstaafu, hakumjibu mara moja. Alichukua shina moja la ulezi lililokaushwa pamoja na machipukizi yake yote, akampa alishike, akamwambia apekeche suke moja baada ya jingine. La kwanza lilitoa punje nyekundu zilizojaa. La pili lilitoa punje nyembamba zilizosinyaa, kwa kuwa lilikatwa kabla ya wakati wake. Ndipo mwalimu akamweleza kwamba masuke ya shina moja la ulezi hayaivi siku moja, kwa hiyo mvunaji alipita shambani zaidi ya mara moja, akikata lililoiva na kuliacha ambalo bado, na kwamba mundu haujui kuchagua.

Ndugu zangu, naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu wageni wengi hupita mbele ya kisu kile wakidhani wanatazama umaskini wa zana. Mtu anayekata suke moja moja hulazimika kulitazama kila suke. Analiona lililojaa na lililopwaya, lile ambalo vidole vyake vimejikunja ndani na lile lililofunguka, la shina lililosimama baada ya mvua ya upepo na la shina lililolala. Jioni anaporudi nyumbani, yale aliyoyatenga kwa ajili ya mbegu hayachanganyiki na ya kusaga. Fanyeni hesabu ya misimu, na ya mashamba, na ya mikono iliyoshika visu kama hivyo kuanzia nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, ambako wataalamu wanatuambia ulezi ulitolewa porini ukawa zao la shambani, hadi kufika huku kwetu. Leo kazi hiyo inaitwa uteuzi wa mbegu, inafanywa na watafiti wenye shahada, na tunawaheshimu kwa haki. Ni nani aliyewahi kuwapa heshima hiyo walioifanya kwa karne nyingi bila shahada? Na tuseme wazi kwamba wengi wao walikuwa wanawake.

Palepale, kijana mmoja aliyekuja na pikipiki akauliza kama ulezi ulioko nchini uliletwa na Wahindi, kwa kuwa amewaona wakiusifia sana. Swali lake lina maana. Watu wa kusini mwa India, hasa wa jimbo la Karnataka, wanakula ulezi kila siku wakiuita ragi, na India ndiyo iliyopeleka pendekezo lililofanya Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Lakini safari ilikuwa ya upande mwingine: mbegu zilitoka Afrika Mashariki, zikavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, zikapokelewa huko zikatunzwa. Sina kinyongo na Wahindi kwa kuupenda ulezi. Ninachoona vigumu kukieleza ni jinsi kijana wa Mbozi, aliyezaliwa karibu na kihenge, anavyoweza kuwa na shaka kwamba ulezi ni wake.

Sasa naomba niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha wote. Chumba kile kina vifaa vya kuvunia, vya kupura, vya kupepeta, vya kusaga na vya kunywea, lakini hakina kitu chochote kinachoonyesha palizi. Nilizunguka nikitafuta, sikuona. Inaeleweka, kwa maana utaonyeshaje palizi ndani ya kabati? Palizi haina chombo chake. Ina mgongo wa mtu. Hata hivyo, kuiacha nje ni kusimulia habari ya ulezi nusu, tena nusu ile tamu.

Mnajua ulezi ulivyosiwa zamani. Mbegu zilirushwa kwa mkono shambani, zikaota popote zilipoangukia, na pamoja nazo yakaota magugu, likiwemo gugu ambalo ni ndugu wa damu wa ulezi wenyewe. Yakiwa machanga, hayo mawili yanafanana kiasi kwamba mgeni hawezi kuyatofautisha. Jembe halipiti katikati ya mimea iliyosambaa hivyo. Kwa hiyo mtu anainama, anatazama shina kwa shina, anang'oa kwa vidole, na kama shamba lina kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya nafaka, anaongeza huzuni juu ya uchovu. Shangazi yangu mmoja aliyelima upande wa Mufindi aliacha ulezi katika miaka ya 1970. Nilipomuuliza sababu, hakutaja soko wala ladha. Alisema kwamba mahindi yalimruhusu asimame wima.

Tuwe waadilifu, basi, tunapolaumu. Katika miaka hiyo ya 1970 Serikali ilikuwa na mpango wa taifa wa mahindi, mbolea iliuzwa kwa ruzuku, na bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, hata kwa sisi tulio mbali na Dar es Salaam. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Mashine za kusaga zikafika vijijini, na mashine inapenda punje kubwa. Mkulima aliyehama kutoka ulezi kwenda mahindi alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Siwezi kusimama hapa nikamwita msaliti wa mila mama aliyechoka kuinama. Na yeyote anayewaambia vijana warudie ulezi kwa ajili ya mila peke yake, nitamwomba kwanza apalilie robo ekari, halafu tuendelee kuzungumza.

Lakini hesabu ina upande wa pili, na kihenge cha Mbozi kinausema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa mkoani Tabora mdudu mgeni wa asili ya Amerika ya Kati, ambaye wakulima wetu walimwita dumuzi, na wengine wakampa jina la Scania. Wenye ghala mnamfahamu: anaingia kwenye gunzi, anatoboa punje, na baada ya miezi michache unabakiwa na vumbi. Punje ya ulezi ni ndogo mno kwa mdudu wa namna hiyo kufanya makao ndani yake. Ikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu, hukaa miaka mingi ikifaa kuliwa. Ndiyo maana wazee walikuwa na kihenge cha ulezi ambacho hakikuguswa kila siku, kilichofunguliwa mwaka mvua ilipogoma. Mwongozaji alituambia kwamba katika familia yake kijana aliyekwenda kuposa aliulizwa kama nyumbani kwao kuna ulezi wa mwaka juzi. Wanafunzi walicheka. Mimi niliona kwamba lile ni swali la benki.

Nije kwenye mtungi na kibuyu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo elimu ya ulezi ilipo nyingi na ndipo tunapoidharau zaidi. Tunapoona mtungi tunawaza ulevi. Kibandiko cha pale chumbani nacho kimeandikwa maneno matatu tu: chombo cha pombe. Ni kweli, na sina aibu nalo, maana hapakuwa na posa, matanga wala kazi ya kushirikiana shambani iliyokamilika bila pombe ya ulezi. Lakini kabla ya pombe kuna kimea, na kimea ni jambo kubwa kuliko pombe.

Kina mama mnaipika togwa, kwa hiyo nitakuwa ninawaeleza mnayoyajua. Ulezi unaloekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Unapika uji mzito, unauacha upoe kidogo uwe wa vuguvugu, unatia kimea unakoroga, na mbele ya macho yako uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalainika ukawa wa kunyweka. Maji hayakuongezwa. Nini kimetokea? Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake ili kulisha mche mchanga, na ulezi ni hodari katika kazi hiyo kuliko nafaka nyingi tulizo nazo. Ukivitia kwenye uji, vimeng'enya hivyo huikata minyororo mirefu ya wanga kama panga linavyokata kamba za msituni, na uji unakosa kitu cha kuushikilia.

Sasa mtazameni mtoto wa miezi minane. Tumbo lake ni dogo. Ukimpa uji mwepesi, unamjaza maji. Ukimpa mzito, hawezi kuumeza. Uji uliotiwa kimea una unga wa ule uji mzito na ulaini wa ule mwepesi. Watafiti wa lishe nchini, wakiwemo wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, waliuchunguza unga wa kimea katika miaka ya 1980, wakapima, wakaandika, na dunia ya wataalamu wa lishe ikasoma. Walichokipima kilikuwa jikoni kwa bibi zenu. Hawakukificha, walisema wazi kwamba ni maarifa ya wenyeji. Sisi wenyewe ndio tulioandika kwenye kibandiko kwamba mtungi ni wa pombe.

Mama mmoja aliyekuwa katika kundi letu siku ile alieleza jinsi mama mkwe wake alivyomfundisha kuujua ubora wa kimea kwa kutafuna: kikiwa kizuri, utamu unakuja ulimini polepole. Kisha akaongeza onyo, ambalo ninalirudia mbele yenu kwa sababu ni la maana kwa afya. Kimea kinachooteshwa mahali pachafu na kukawia kukauka huota ukungu, na ukungu ni sumu. Na uji wa mtoto, baada ya kulainishwa kwa kimea, urudishwe motoni uchemke tena. Maneno hayo mawili yangetosha kuujaza ubao mmoja mzuri ukutani.

Mtasikia pia mitaani kwamba ulezi una kalsiamu kupita maziwa. Kwa uzito, ni kweli: gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340, na maziwa ya ng'ombe ya kiasi hicho yana kama 120. Lakini muuza unga wa lishe pale soko la Mwanjelwa hatakuambia kwamba sehemu ya kalsiamu ya ulezi, pamoja na chuma chake, imeshikwa na kemikali zinazoitwa faiteti, hivyo mwili hauipati yote. Na ni nini kinachopunguza faiteti hizo? Kuotesha na kuchachusha. Yaani kimea na togwa. Kwa hiyo anayenunua ulezi mbichi uliosagwa akaacha hatua za kati amechukua nafaka, elimu yake ameiacha sokoni.

Waheshimiwa, sasa ile mitungi ya dirishani. Ni mizuri. Mbegu nyekundu, za kahawia, nyeusi, na moja nyeupe ambayo sikuwahi kuiona. Jua la asubuhi linapita ndani ya kioo, na kila mgeni anapiga picha. Nilimwomba mwongozaji punje kidogo kutoka katika kila mtungi, akanipa kwa ukarimu. Nyumbani nilizitandika juu ya kitambaa kibichi, nikazifunika, nikasubiri. Zilizochipua zilikuwa chache mno, na za mtungi ule wa mbegu nyeupe hazikuchipua kabisa.

Mnaona tatizo liko wapi? Ukienda Kalenga, utaliona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 baada ya kukaa Ujerumani zaidi ya nusu karne. Ukienda Boma la Iringa, utaona viti, mikuki na vyungu. Vitu hivyo vinahitaji paa lisilovuja na mlinzi mwaminifu, navyo vitakaa. Mbegu haikai hivyo. Mbegu inapumua. Joto, mwanga na unyevu vinaumaliza uhai wake, na siku inapokufa haibadiliki rangi, wala haitoi harufu. Mtungi unaendelea kupendeza, na watalii wanaendelea kupiga picha. Makumbusho yanayotunza zao kwa namna yanavyotunza mkuki yanaweza kulizika bila mtu yeyote kujua.

Kuna watakaosema kwamba zipo benki za mbegu. Zipo, na tuna bahati kuwa nazo. Taifa lina kituo chake cha nasaba za mimea Arusha, na huko Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, lipo ghala lililofunguliwa mwaka 2008, linalohifadhi mbegu za nchi nyingi katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini mbegu iliyolala Svalbard haijui kwamba Mbozi mvua zimechelewa, wala haikumbuki ni ipi iliyofaa kimea na ipi iliyofaa ugali. Habari hizo ziko kwa watu, na watu hao wana umri wao.

Kwa hiyo nililopendekeza kule, na ninalolipendekeza hapa, ni kwamba chumba kile kipate shamba. Halihitaji kuwa kubwa. Vitalu vichache nyuma ya darasa, kila mbegu na kitalu chake, zipandwe upya mara kwa mara na mitungi ijazwe mavuno mapya, na akiba halisi ikae gizani, pakavu, katika chombo kilichofungwa vizuri, wakati ile ya dirishani inabaki kuwa ya maonyesho. Zipandwe kwa mistari, kama sentimita 30 kati ya mstari na mstari, ili palizi ya jembe iwezekane na wasichana wetu wasirithi mgongo wa shangazi yangu. Kila kitalu kiwe na kibao chenye jina la mbegu kama linavyotamkwa na wenyeji, kijiji ilikotoka, na matumizi yake. Wataalamu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wako jirani. Waombwe waje waione ile nyeupe, kama bado ipo kihengeni kwa mtu. Na kikundi kitakachotaka kuuza mbegu kiende kwa afisa kilimo kuuliza habari za mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zile ambazo mkulima mwenyewe hutangaza ubora wake chini ya usimamizi, kwa kuwa sheria ya mbegu ya mwaka 2003 haimruhusu kila mtu kufungasha na kuuza apendavyo.

Walimu wa shule tatu za Mbozi wamekwisha kukubali kuanza msimu ujao. Kwa upande wa Mbeya nimeleta karatasi mbili, ziko kwa katibu pale mlangoni: moja ni ya shule zinazoweza kutoa eneo, na nyingine ni ya wenye mbegu za zamani nyumbani, hata kama ni kibaba kimoja. Tafadhali wa mbegu waandike na mwaka zilipovunwa, kwa sababu zilizokaa sana tutaziotesha kwanza. Mvua hazitatusubiri, kwa kuwa huku kwetu Januari ikishapita ulezi haujasiwa, tumeshachelewa.

Mheshimiwa mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi. Niko tayari kwa maswali, na kwa ruhusa yako ningependa tuanze na wale kina mama waliokaa nyuma, kwa maana niliwaona wakinong'ona nilipotaja sentimita 30, na nadhani hawakubaliani nami.